Fundi Alipoishiwa Pumzi

Baridi ya mwaka ule ilimkuta fundi cherehani na makoti kumi na manane ya shule. Alikuwa ameshona saba tu alipoanza kupiga chafya. Kufika jioni mwili ulikuwa moto, na viungo vinauma kama aliyepigwa.

Alilala siku tatu. Mumewe, kinyozi, alimletea supu na maji ya uvuguvugu yenye limau. Siku ya nne homa ilishuka. Fundi akaketi kwenye cherehani.

"Ongeza siku mbili za kupumzika, mke wangu," kinyozi alimwambia.

"Nikilala, watoto wavae nini? Makoti hayajishoni yenyewe."

Siku mbili zikapita vizuri. Siku ya saba homa ikarudi, kali kuliko ile ya kwanza. Kikohozi kikashuka kifuani. Kila akivuta pumzi, mbavu za kulia zilimchoma kama sindano. Hakumwambia mtu. Alijikaza, akaendelea kukanyaga cherehani.

Aliyeshtuka ni wifi yake, dada wa kinyozi, waliyeishi naye. Huyu alizoea kutaniana na fundi kutwa nzima.

"Wifi, leo hunijibu hata neno. Umenichoka?"

"Nime... nimechoka tu."

Wifi alifungua droo, akatoa karatasi iliyokunjwa. Ndani mlikuwa na vidonge vinne vya rangi mbili.

"Hivi viliniponya jino mwaka jana. Kutoka kwenye jino mpaka kifuani si mbali. Ngoja nikuletee maji."

Wifi alipokwenda jikoni, mteja aliingia. Alikuwa muuguzi wa hospitali, amekuja kupimwa sare mpya ya kazi. Fundi alisimama, akamzungushia futi kiunoni. Kabla hajasoma namba, akashika meza. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka.

Muuguzi akatazama saa yake ya mkononi. Kwa dakika nzima macho yake yalihama kati ya saa na mabega ya fundi.

"Kaa chini, fundi."

"Nimalize... kiuno kwanza, nesi."

"Wewe umenipima kiuno, mimi nimekupima pumzi. Umevuta mara thelathini kwa dakika moja. Mtu mzima aliyetulia havuki ishirini. Umeanza kuumwa lini?"

Fundi akaeleza kwa vipande vipande: mafua, homa, nafuu, kisha homa tena, na sasa mbavu.

"Hapo ndipo penye neno," muuguzi alisema. "Mafua ya kawaida humtesa mtu siku chache, kisha homa huisha. Kikohozi chaweza kubaki hata wiki mbili, tatu, lakini kila siku unajiona afadhali. Ukipata nafuu halafu ukazidiwa, usisubiri. Ukikosa pumzi, kifua kikiuma, ukikohoa damu, midomo ikibadilika rangi au ukianza kuchanganyikiwa, nenda hospitali saa hiyohiyo."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maji. "Na hivi vidonge, nesi?"

"Vya nani?"

"Vyangu. Vya jino."

"Basi jino lako linataka kumkopesha wifi yako dawa isiyo ya ugonjwa wake! Hizi ni antibiotiki, dawa za kuua bakteria; haziui virusi vya mafua. Kama ni nimonia, daktari ndiye ajuaye dawa gani, na kwa siku ngapi. Hivi vinne ni mabaki tu. Virudishe duka la dawa, huko wanajua pa kuviteketeza."

"Wakinilaza?" fundi aliuliza. "Makoti je?"

"Makoti yatasubiri. Pumzi haisubiri."

Wifi alikimbia kumwita kaka yake. Kinyozi alifika na aproni shingoni. Alikuwa amemwacha mteja amenyolewa nusu kichwa, na mteja mwenyewe ndiye aliyemsukuma nje: "Nenda, ndugu yangu! Nywele zangu haziumwi!"

Hospitalini walimbana fundi kidoleni kifaa kidogo cha kupima oksijeni, wakamsikiliza mgongo, wakampiga picha ya kifua. Ilikuwa nimonia. Walimpa hewa ya oksijeni na dawa ya sindano. Kinyozi alikaa kwenye benchi ameshika viatu vya mkewe, hajui aviweke wapi.

Kesho yake asubuhi daktari aliwakuta wote watatu.

"Homa inashuka," alisema. "Mmemleta kwa wakati."

Wifi akaangua kilio. "Mimi nilitaka kumpa dawa ya jino!"

"Nyamaza, wifi," fundi alisema. Sasa aliweza kumaliza sentensi. "Wewe ndiye uliyegundua kuwa sisemi."

Baada ya siku tatu alirudi nyumbani na vidonge. Daktari alimwonya: "Vimalize vyote hata ukijisikia mzima. Kunywa maji, lala, tembea kidogo kidogo. Uchovu utakaa wiki kadhaa. Huo si uvivu, ni mwili unajijenga."

Makoti yaliyobaki yalikwenda kwa fundi mwingine, na hakuna mtoto aliyekosa koti. Wiki ya tatu fundi alianza kushona asubuhi tu. Alipokwenda kuonwa tena, daktari alisikiliza kifua chake, akatabasamu. Kilikuwa safi.

Mwezi huohuo kinyozi naye akapata mafua. Alilalamika kuliko mkewe alivyolalamika na nimonia.

"Nipelekeni hospitali. Nakufa mimi."

Fundi akamkagua. Pumzi zilikuwa za kawaida, kifua hakiumi, maji anakunywa, na akili ni timamu. Hakuwa mzee, wala hakuwa na kisukari au pumu. Angekuwa na mojawapo ya hayo, wangemwahisha kwa daktari mapema.

"Hufi," alimwambia. "Lala. Funika mdomo ukikohoa, nawa mikono, na kazini huendi mpaka homa iishe. Mambo yakibadilika, tunaondoka papo hapo."

Kinyozi akalala kweli. Siku ya nne homa ikaisha. Siku ya tano fundi na wifi yake wakiwa jikoni walimsikia akifoka kutoka chumbani: nani amebadilisha stesheni ya redio, na kwa ruhusa ya nani?

Wanawake wakatazamana, wakacheka mpaka wakashikana mikono. Mgonjwa akianza kugombea redio, huyo amepona.