Waliojipanga Nyuma ya Lavender

Jambo hili lilimpata Lavender, binti wa mjomba wangu, Jumanne moja ya mwaka jana, saa nne asubuhi, jua likiwaka.

Alikuwa akisomea siasa na utawala katika chuo kidogo nje ya Kenyenya, darasa la wanafunzi ishirini na watatu. Siku hiyo walifundishwa uchaguzi wa mlolongo, ule wa mwaka 1988, ambapo wapiga kura walipanga foleni nyuma ya mgombea wao. Mwalimu Thadeus akasema waujaribu wenyewe, wamchague kiongozi wa darasa. Lavender alikitaka cheo hicho hadi usingizi ukampaa.

Wakatoka hadi uwanjani, upande wa juu wa shamba la majani chai. Lavender na Jasper, wagombea, wakasimama mbele. Wale ishirini na mmoja wakajipanga nyuma yao, kila mmoja mkono begani mwa aliye mbele yake. Mgombea haruhusiwi kugeuka. Kila mpiga kura akataja jina lake mwenyewe, na majina yakahesabiwa. Jasper kumi na mmoja, Lavender kumi.

Lavender akakataa. Akataka wahesabiwe kwa kidole. Rafiki yake Orpah, aliyekuwa wa mwisho mstarini, akamkumbusha kwamba kwao watu hawahesabiwi hivyo, ni mwiko. Lavender akamjibu kuwa hayo ni mambo ya vikongwe.

Mwalimu akahesabu mstari wa Lavender. Kumi na mmoja.

"Huyo mwingine umemtoa wapi, dada?" Jasper akauliza akicheka. Mstari wake haukuwa umepungua.

Mwalimu akarudia. Kumi na wawili.

Mara ya tatu hakufika mwisho. Kidole kikiwa hewani, akarudi kinyumenyume.

Kisha mnong'ono ukaanza kuja kutoka nyuma, mdomo hadi sikio. Ulipomfikia Roselyne, aliyemshika Lavender bega, akamnong'oneza sikioni.

"Orpah anauliza, hawa wanatosha, au waje wengine?"

Bega la Lavender likalemewa. Haukuwa uzito wa mkono mmoja. 

"Nimeshindwa," akanong'ona. "Jasper achukue. Simtaki hata mmoja wa hao."

Uzito ukatoka.

Orpah walimkuta amepiga magoti, macho ameyafumba. Alisema si yeye aliyeanzisha mnong'ono ule. Yeye aliupokea tu.

Nyuma yake nyasi zilikuwa zimelala. Nyayo za miguu mitupu, jozi baada ya jozi, ziliteremka hadi katikati ya majani chai. Hazikuwa za watu waliopita. Zilikuwa za watu waliosimama wakingoja zamu, na zote zilielekea pale aliposimama Lavender.