Chupa ya Namugongo

Kila asubuhi kijijini Misiera, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Isimbi alichemsha maji ya kunywa kabla ya kwenda shule. Mama yake, Mukamazimpaka, hakuwa na mzaha na jambo hilo. Asiyechemsha hakunywa, na ukali wake ulisikika hadi kwa jirani.

Jirani huyo, Vestine, alikuwa akimuuguza mwanawe mdogo, Irakiza, aliyekuwa akihara. Kanisa lilipoandaa hija ya Namugongo, walikouawa mashahidi wa Uganda, Isimbi alikwenda na kwaya. Kabla hajaondoka, Vestine alimpa chupa amletee maji ya huko, ambayo mahujaji huamini yanaponya. Mukamazimpaka alifoka kwamba wao humwomba Mungu, hawaombi maji, na mtoto apelekwe kituo cha afya. Vestine naye akang'aka, majirani wakanuniana.

Isimbi aliijaza chupa kama alivyoagizwa. Lakini njiani kurudi joto la basi lilimshinda, akapiga funda moja, kisha jingine, mpaka chupa ikabaki tupu. Basi liliposimama Mbarara, aliteremka mtoni Rwizi, pale vijana wanapooshea pikipiki, akaijaza tena. Maji ni maji, alijisemea, na Vestine atayachemsha kama kila mtu mwenye akili.

Vestine aliipokea chupa kwa mikono miwili, akamimina kikombeni papo hapo. Isimbi alipouliza kama hachemshi kwanza, alikemewa. Nani aliyewahi kuchemsha maji ya mashahidi? Baraka si zitatoka na mvuke? Irakiza, midomo imemkauka, akafungua kinywa.

Isimbi alijichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu. Akakipiga kikombe, kikaanguka.

"Hii mayi si ya Namugongo," alisema huku akilia. "Ile nilikunywa. Hii nilichota mu Rwizi."

Vestine alimvuta mwanawe kifuani. "Ulitaka kuniulia mutoto, Isimbi?"

Mukamazimpaka aliingia, akasikia yote, na hasira yake ikawaenea wote wawili. Hakungoja ruhusa ya mtu. Alimbeba Irakiza mgongoni hadi kituo cha afya, Vestine akimfuata nyuma akilalamika.

Mtoto alitibiwa, akapona. Tangu hapo Isimbi aliadhibiwa kuchemsha maji ya nyumba mbili. Asubuhi ya kwanza Vestine aliipokea sufuria bila salamu, uso umefura. Mukamazimpaka, aliyekuwa amesimama mlangoni, hasira bado haijamtoka, akasema neno ambalo Isimbi hakulisahau.

"Isimbi, njia ya mwongo ni fupi. Yako ilitaka kuishia mu kaburi ya mutoto wa wengine. Na weye, mama Irakiza, hata ingekuwa ya Namugongo kweli, ungeichemsha. Mungu hawezi kukasirika sababu mayi imechemka."

Vestine alimimina maji yaliyopoa kikombeni, akamnywesha mwanawe.