Taa Nyekundu Makaburini Likombe

Jumamosi soko kuu la Mtwara halina pa kuweka mguu, na duka la vitambaa la Jafari ndilo lililojaa kuliko yote, kwa sababu muuzaji alikuwa dada yake, Zulfa, msichana mwenye ulimi. Siku hiyo, mwaka 2004, alijitanda mtandio wa zambarau, na alijua fika kwamba unampendeza.

"Nipatie kaniki mita mbili," alisema kijana mmoja mrefu mwenye vumbi la chaki mikononi, "na kitambaa chekundu robo mita."

"Nyeusi na nyekundu. Bado nyeupe, mganga. Au pepo wako ameshiba?"

"Pepo wangu hana makuu," alijibu, akacheka.

Alikuwa Mwalimu Abdulrahmani wa Mikindani, anafundisha fizikia. Jumanne alirudi kununua uzi, asijue hata rangi anayotaka. Jumamosi iliyofuata alinunua sindano. Ya tatu hakununua kitu, akaomba namba ya simu, na Zulfa akampa kabla hajamaliza kuomba.

"Umekula, roho yangu?" Abdulrahmani alikuwa akimpigia mchana.

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nashiba nikikusikia."

"Basi nikiolewa usiniombe wali."

Kasoro ilikuwa moja tu. Ikishaadhiniwa isha, simu ya Abdulrahmani huzimwa. Zulfa alipombana, alisema, "Kuna kitu nakitafuta, mpenzi. Nikikipata utakiona." Jibu hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, lakini alilimeza. Mapenzi humezesha mengi.

Barua ya posa ilikuwa imeshafika kwa Jafari pale majirani zake wa mtaa wa Likombe walipoanza kunong'ona. Usiku huonekana taa ndogo nyekundu makaburini, na nyuma yake kitu cheusi kisicho na kichwa. Mtu mmoja alimfuata Abdulrahmani kwa mbali, akamwona akiingia humo.

"Kaniki ulimuuzia wewe mwenyewe," Jafari alimwambia dada yake. "Leo baada ya isha tunakwenda na vijana."

"Kaka, muulize kwanza."

"Mchawi haulizwi. Anakamatwa."

Zulfa alipiga simu mara nne. Imezimwa. Alijua mtu aliyeitwa mchawi hufanywa nini, akavaa baibui na kutangulia peke yake. Njia nzima alikuwa akijiuliza: na kama ni kweli?

Makaburini hata nyenje walikuwa kimya. Taa nyekundu ilikuwa chini, karibu na kaburi la mama yake Zulfa, ambaye enzi zake hakukosa asumini nywelani. Kitu cheusi kikageuka.

"Zulfa?" Kaniki ikateremka na uso wa Abdulrahmani ukatokea. Mbele yake lilisimama bomba pana lililoelekezwa juu, kusini. "Ni darubini. Usiogope."

Alimweleza harakaharaka. Alikuwa akitafuta galaksi moja hafifu mno, na taa za nyumba zinaimeza. Ndiyo maana alikuja huku kwenye giza. Kaniki ya kujifunika kichwa, tochi ya kufungwa kitambaa chekundu, simu kuzimwa, yote ni ili macho yazoee.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona haya. Mwalimu mzima, miezi mitatu natafuta kijiwingu. Nimekipata leo."

"Kaka anakuja na watu. Wanasema wewe mchawi."

Sauti za wanaume zilikuwa tayari barabarani. Abdulrahmani akamfunika kaniki. "Wakikuona hapa nami utaaibika. Kaa kimya, nitawangoja langoni. Tazama humu, usiikazie galaksi macho, angalia pembeni yake. Ukihesabu thelathini itakuwa imetoka. Anga linazunguka, na bomba lisiposogezwa, basi."

Akaondoka. Zulfa akaweka jicho, kwa sababu bila hivyo angelia. Giza. Akaangalia pembeni kidogo, na pale kati pakatokea ukungu mdogo kama pumzi juu ya kioo. Akahesabu thelathini. Ukungu ulikuwa palepale. Akahesabu sitini, akahesabu mia. Bomba lilikuwa likisogea, taratibu, na yeye hakuwa ameligusa.

Ndani ya kaniki kulikuwa na harufu ya asumini. Kwenye pembe ya jicho aliona vidole juu ya bomba. Alipovikazia macho, havikuwepo.

Langoni kofi likalia. "Nani mwingine yumo humo?" Ilikuwa sauti ya Jafari.

"Hakuna mtu. Niko peke yangu," alisema Abdulrahmani.

Fimbo ikatua, akaguna. Ukuta wa nyuma ulikuwa mfupi. Zulfa angeweza kuuruka akafika nyumbani na heshima yake. Aliivua kaniki, akatembea kati ya makaburi hadi kwenye mwanga wa matochi.

"Tuko wawili," alisema.

Fimbo zikashuka. Jafari alimtazama kama hamjui. "Unajua unachosema, Zulfa? Usiku, makaburini, na mwanamume? Nani atakuoa?"

"Huyo mnayempiga. Alikuwa ananionyesha nyota. Mkiendelea, nipigeni na mimi."

Jafari alitupa fimbo. Akasema kwa uchovu kwamba barua ya posa ataijibu kesho, na nikaha iwe Ijumaa, kabla mji haujaamka na maneno.

Njiani Abdulrahmani alichechemea kando yake, damu mdomoni. "Uliiona?"

"Niliiona muda wote."

"Haiwezekani. Nilikuwa langoni dakika kumi. Nani alilisogeza bomba?"

Zulfa alimshika mkono mbele ya kaka yake na watu wote wa Likombe, akaushikilia hadi nyumbani, na hakugeuka nyuma.