Kona Iliyopewa Maiki

Sauti ile waliisikia kwenye rekodi, si chumbani. Chumbani walikuwa watatu tu, wamelowa jasho, masikio yanavuma, na kila mmoja angeapa mbele ya Mungu kwamba hakukuwa na mtu wa nne.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya uani ambamo marehemu baba alitengenezea redio. Watoto wake walibandika trei za mayai ukutani, wakasimamisha magodoro mabovu kwenye kona, wakapageuza mahali pa mazoezi ya muziki wa panki: ngoma zinazokimbia kama mtu anayefukuzwa, gitaa la kukwaruza, na maneno ya kumsema kila aliyewahi kuwakanyaga. Kaka mtu, mchomeleaji vyuma, alipiga ngoma. Rafiki yao, fundi bomba ambaye hata mama yake mzazi alimwita Bomba, alishika besi. Aliyepiga gitaa na kuimba, au tuseme kufoka, alikuwa dada mtu. Walimwita Msumari.

Muziki huo una desturi yake. Wimbo ukipamba moto, mwimbaji humsogezea maiki yeyote aliye mbele yake, naye hufoka kiitikio kwa niaba ya wote. Msumari hakutaka mkono wake usahau. Hata mazoezini, mbele hakuna mtu, aliinyoosha maiki kwenye kona ya magodoro na kusema, "Mwenye hasira yake aje aitoe."

"Nani katuziba midomo?" wimbo ulikuwa ukiuliza. "Nani?"

Watu hutakiwa kujibu, "Wao." Lakini waliposikiliza rekodi waliyochukua kwa simu, baada ya "nani" ya mwisho, kulikuwa na kimya kidogo, kisha sauti kavu, kama ya mtu aliyeshinda na kiu tangu azaliwe, ikajibu: "Mama."

Bomba alicheka. "Haya, mmeniweza. Nani huyo?"

"Usijitie," Msumari alimwambia. "Ni wewe."

"Mimi? Mama yenu hunipa chai kabla hajawapa nyinyi. Nimtaje kwa lipi?"

"Basi ni kaka."

"Mimi nilikuwa na ngoma zangu," kaka alisema taratibu, akimtazama dada yake usoni. "Mwenye maiki ni wewe."

Hawakumaliza mazoezi. Walipoingia ndani walimkuta mama ameshika koo, anawasalimia kwa sauti iliyokwaruza. Vumbi, alisema. Baada ya siku chache hakuweza tena kusali kwa sauti. Midomo ilikwenda, sauti haikutoka. Daktari alimmulika kooni asione kitu. Na sebuleni palikuwa na harufu ya nywele zilizoungua, ingawa hakuna aliyekuwa amewasha moto.

Kaka alianza kumchunguza dada yake. Alijua kitu ambacho nyumbani hakitajwi. Baba alipougua, Msumari alikuwa mbali kikazi, na mama hakumwita. Alirudi akakuta kaburi limeshaanza kukauka. Hakulia, hakuuliza. Tangu siku hiyo alimjibu mama "ndiyo" na "hapana" tu, kwa adabu, kama mpangaji.

"Dada, una neno na mama?" alimuuliza.

"Sina."

"Kweli?"

"Kachomelee vyuma vyako, kaka."

Basi wakakubaliana kujaribu, mchana kweupe, ili mwongo ajulikane. Bomba alisimama nje ya dirisha, mikono juu ya kizingiti ionekane. Kaka aliweka fimbo za ngoma chini, akaketi akiitazama midomo ya dada yake. Msumari aliimba bila gitaa, akauliza "nani", akainyoosha maiki.

Spika ilipiga mluzi mwembamba, ukapanda, ukakatika ghafla, na ndani ya kimya kile kaka akaona godoro la konani likivutwa ndani polepole na kurudi, kama ubavu wa mnyama anayehema, na ile harufu ya nywele ikamjaa puani mpaka machozi yakamtoka, na midomo ya dada yake ilikuwa imefumba, aliiona kwa macho yake imefumba, wakati spika ikisema, kwa utulivu wa mtu aliyeulizwa njia naye anaijua, "Mama."

Jikoni kitu kizito kilianguka.

Walimkuta mama sakafuni, uso umebadilika rangi, vidole vyake vikikwangua koo kana kwamba anafungua kamba. Bomba alimwinua, kaka akampepea, hata pumzi ikarudi kwa shida. Msumari alibaki mlangoni.

"Nilikuwa naijaribu peke yangu," alisema. Alisema kwa sauti ya chini sana. "Mkiwa kazini. Nilijua si nyinyi. Nikiuliza, inanijibu. Nilisikia raha, kaka. Mtu kasema badala yangu. Nikadhani koo la mama ni mafua tu. Hapana, naongopa, sikudhani. Mungu anisamehe."

Waliyemwita ni mama mkubwa, dada wa mama, mwanamke wa dua nyingi na ulimi usio na breki. Aliingia stoo, akanusa, akazitazama trei.

"Mayai yake mlikula wenyewe?"

"Mama mkubwa, tafadhali," kaka alisema.

"Kelele zenu hazina kosa. Hata mimi nina watu wa kuwafokea. Kosa ni kusimama mbele ya mahali pasipo na mtu ukasema karibu." Alimgeukia Msumari. "Umempa neno lako akusemee, na yeye akisema anakaba. Kalichukue. Ukaliseme mwenyewe, kwa mwenyewe."

Alianza kusoma dua. Msumari akaiokota maiki, akaenda nayo chumbani kwa mama, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, hukuniita," alisema. "Baba alikuwa anakufa na hukuniita."

Mama alifungua mdomo. Ilichukua muda. "Alinikataza," alisema, na ilikuwa sauti yake, nzima. "Alisema usisumbuliwe kazini. Kila siku nilimwomba, kila siku akanikataza, na mimi nilimtii. Nisamehe, mwanangu."

Uani spika ilipasuka. Harufu ikaondoka kama mlango umefungwa. Mama mkubwa alizungusha maji ya dua kila kona ya stoo, magodoro yakachomwa, na Msumari akalala chumba kimoja na mama yake, wakizungumza na kucheka kama mtu na shoga yake. Kaka alimshukuru Mungu.

Wiki iliyofuata aliwahi kurudi kutoka kazini, adhuhuri. Maharage yalikuwa yakichemka vizuri, maji tele, lakini jikoni palinuka nywele zilizoungua. Mama alikuwa amempa mgongo, anaimba polepole wimbo ambao hakuna aliyewahi kumfundisha.

"Nani kaniziba mdomo?" aliimba mama. "Nani?"

Kisha akaunyoosha mwiko kwenye kona, nyuma ya friji, akainamisha kichwa kusikiliza.

"Baba yao," kona ikamjibu.

Mama akatabasamu, akauliza tena.