Anayeita Nyuma ya Magunia

Cheka tu, ukimaliza funga mdomo, nzi wasiingie. Eti majini yanakaa pwani, hapa Rusizi hakuna. Kamuulize Emerance, yule mwenye kuchambua sambaza, vile visamaki vya ziwani, kwenye depo karibu na daraja la kwenda Bukavu.

Jioni ya kwanza jua lilikuwa bado halijazama. Alikuwa nyumbani anamenya viazi na binti yake Isimbi, akasikia bosi wake, Papa Donatien, anamwita nyuma ya ukuta: "Emerance."

"Karame," akaitika, kama kila mtoto wa hapa anavyofundishwa kumuitikia mkubwa. Akaacha kisu, akarudi kazini.

Depo haikuwa na mtu. Donatien alikuwa Bukavu tangu asubuhi. Ila sambaza alizokwisha kuchambua zilikuwa zimechanganyika tena na mchanga, zinanuka maji yaliyolala. Akainama, akaanza upya.

Basi ikawa hivyo. Akila, anaitwa. Akisali, anaitwa. Jirani yake, mzee Nyirahabimana, akamnong'oneza, "Maman, unaitikia muntu hauone uso wake?"

"Na kama ni bosi? Atanifukuza."

"Bosi iko na miguu. Atakuja kubisha."

Hakumsikiliza. Hata Jumapili moja, wametoka misa, Isimbi akaweka kijiko chini, akageukia ukuta, macho hayapepesi, na harufu ya sambaza ikajaa nyumba nzima mpaka kwenye blanketi, na kabla mama yake hajamfikia, yule mtoto wa miaka sita akasema kwa adabu, polepole, "Karame," akaanza kutafuta viatu.

"Unaenda wapi?"

"Kazini, Maman. Wananiita na miye."

Emerance akamkabidhi kwa Nyirahabimana amshike kwa nguvu, akaenda depo peke yake. Nyuma ya magunia ya sambaza kitu kikamwita kwa sauti ya Donatien, kisha ya marehemu mama yake, kisha ya Isimbi mwenyewe, na magunia yakawa yanapanda na kushuka kama vifua vya watu waliolala, na ulimi wake ukainuka wenyewe kutaka kusema lile neno, akauuma mpaka damu.

"Leo Jumapili," akasema. "Miye niko na mtoto. Weye hauna hata uso, utanifukuza na nini? Sambaza zako, chambua mwenyewe."

Kikaita tena, safari hii kwa upole.

Emerance akatema damu kizingitini, akatoka, akafunga mlango.