Maboga Yanayoruka Genge

Shamba la Mathuso na mumewe Lebusa lilikuwa juu ya genge, ukuta wa mwamba uliosimama wima. Nyumba yao ilikuwa chini. Njia ya kuzunguka ilikuwa ndefu, yenye mawe, na punda wao alikuwa mzee. Akifika nusu ya njia alilala, na hakuna fimbo wala maneno matamu yaliyomwinua.

Mwaka huo maboga yalizaa sana. Lakini baridi ya Lesotho ilikuwa inakaribia. Sakitu nyeupe, yaani umande ulioganda, ikianguka alfajiri, boga lililo shambani huoza. Na maboga hayo ndiyo yangekuwa chakula chao mpaka masika.

"Tuyarushe," alisema Lebusa.

"Ntate," aliuliza Mathuso, akimwita mumewe kwa heshima ya Kisotho, "hayo ni maboga au mipira?"

Lebusa alileta mabati ya zamani. Akayakunja yakawa mfereji mrefu. Akaulaza juu ya genge, sawasawa bila mteremko, ncha yake ikiishia ukingoni kabisa. Alikusudia kulisukuma boga, libingirike mferejini, kisha liruke. Huko chini Mathuso alirundika nyasi kavu, karibu kabisa na ukuta wa genge.

"Kitu kinaangukia chini yake," alisema Mathuso. "Hata mtoto anajua."

Boga halikujua. Liliruka juu ya nyasi, likatua ndani ya sufuria ya ugali iliyokuwa uani.

"Umeona?" Lebusa alipaza sauti kutoka juu. "Boga linakwenda mbele kwanza, kama risasi. Likichoka ndipo linaanguka. Peleka nyasi kule zizini."

Mathuso akazipeleka. Safari hii Lebusa alisukuma polepole. Boga likapasukia mbali na zizi, mbele ya punda. Punda akasimama bila kuombwa, akala.

Ikawa hivyo wiki nzima. Nyasi zikija huku, boga linakwenda kule. Walikula boga asubuhi, mchana na jioni. Mume na mke wakaacha kusemezana, isipokuwa kulaumiana.

Siku moja jirani yao, Mwalimu Nthabeleng, alikuja kuazima chekecheo. Alikuwa akifundisha sayansi katika shule ya sekondari. Alipofika uani, boga lilipasuka mbele ya viatu vyake.

"Hiyo ni salamu," aliuliza, "au ni vita?"

Mathuso alimweleza yote. Mwalimu akapanda naye mpaka gengeni. Akaokota vijiwe viwili, akasimama ukingoni.

"Hiki nitakiachia tu. Hiki nitakisukuma mbele kimlalo, bila kukielekeza juu wala chini. Viondoke pamoja. Kipi kitafika chini kwanza?"

"Cha kuachiwa," alisema Lebusa. "Chenzake kina safari ndefu."

Mwalimu akafanya alivyosema. Ikasikika ko. Ko moja tu. Vijiwe vilikuwa vimefika pamoja.

Lebusa aliomba irudiwe. Ikarudiwa. Akaomba achague vijiwe mwenyewe. Ko moja tena.

"Boga lina safari mbili kwa wakati mmoja," alisema Mwalimu. "Moja ni ya kwenda mbele, nyingine ni ya kushuka. Ya mbele haiichelewishi ya kushuka. Tuzipige hesabu moja moja."

Kwanza walipima kwa kamba, wima kutoka mdomo wa mfereji mpaka usawa wa juu ya rundo la nyasi. Ilikuwa mita tano.

"Kimo ni nusu ya kumi, mara muda, mara muda," alisema Mwalimu. "Kumi hiyo ni mvuto wa dunia, kwa kukadiria. Nusu yake ni tano. Sasa Mathuso, tano mara muda mara muda iwe tano. Muda ni ngapi?"

Mathuso alifikiri. "Moja. Moja mara moja ni moja."

"Basi boga linaanguka kwa sekunde moja."

"Hata likisukumwa kwa hasira?" aliuliza Mathuso.

"Mradi liondoke kimlalo, hata kwa hasira ya Ntate Lebusa. Lakini hasira haina kipimo, ndiyo maana kila boga linatua mahali pake. Usisukume tena, Ntate. Weka alama kwenye kile kijilima nyuma ya mfereji. Kila boga uliachie hapo, literemke lenyewe."

Waliliachia moja, Lebusa akalidaka mwishoni mwa mfereji. Mfereji ulikuwa na urefu wa mita sita. Simu ya Mwalimu ilionyesha boga limeupita kwa sekunde tatu.

"Mita mbili kila sekunde," alisema Mathuso polepole. "Na hewani linakaa sekunde moja. Basi litatua mita mbili kutoka ukutani."

Waliteremka kupima. Mita mbili kutoka ukutani palikuwa na jiwe kubwa kama ng'ombe aliyelala.

"Tumwite punda alisukume," alisema Lebusa. Hakuna aliyecheka.

Mathuso alirudi juu bila kuuliza mtu. Akapandisha alama kwenye kijilima. Wenzake wakamfuata, wakapima tena. Sasa boga liliupita mfereji kwa sekunde mbili.

"Mita tatu kila sekunde," alisema. "Nyasi ziwe mita tatu kutoka ukutani."

"Lakini sasa lina mbio," Lebusa alibisha. "Si litaanguka upesi zaidi?"

"Kwani genge limepungua?" aliuliza Mathuso.

"Hapana."

"Basi sekunde ni ileile."

Mwalimu alitabasamu, akarudisha simu mfukoni.

Mathuso aliteremka, akarundika nyasi upya, akasimama pembeni, mbali na njia ya boga. Lebusa aliachia. Boga lilibingirika, likaruka jiwe, likazama kwenye nyasi. Mathuso akalitoa na kuligonga kwa kidole. Lilikuwa zima.

"Limekufa?" aliuliza Lebusa kutoka juu.

"Lete lingine."

Sakitu ilipoanguka, shamba lilikuwa tupu na ghala limejaa. Majirani wa ng'ambo ya bonde walikuja kuuliza walivyofanya. Lebusa aliwaketisha, akaanza kueleza mambo ya safari mbili. Alipofika kwenye nusu ya kumi, alikohoa kidogo.

"Mathuso," aliita, "njoo uwaeleze hawa. Mimi koo limenikauka."

Mathuso alifuta mikono, akatoka nje na kamba yake.

"Haya," alisema. "Genge lenu lina kimo gani?"