Daftari la Sindano Zilizovunjika

Kengele ililia saa kumi na dakika tano, wakati geti la kiwanda cha nguo limefurika wafanyakazi wa zamu ya mchana, kila mmoja akiwahi kwake. Watu wakasimama. Katikati ya nguzo mbili za geti alibaki mwanamume mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka ukosi umesimama wenyewe, mikono ameinua juu.

"Mimi siibi!" alisema.

"Kengele haijui hayo, baba," akajibu Mama Geti, mlinzi mwenye sauti ya kuvunja vikombe. "Rudi nyuma, pita tena."

Akapita tena. Ikalia tena. Sasa watu walicheka waziwazi.

Pembeni akatokea dada mmoja mwenye ovaroli ya kijani iliyopauka magotini na kilemba cha manjano, bisibisi ameichomeka nyuma ya sikio. Kengele ile, ya kunasa chuma kinachoibwa kiwandani, aliibuni yeye. Alikuwa na hataza yake, ile hati ya serikali inayosema uvumbuzi huu ni wako na si wa mwingine, na siku hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya kengele kufanya kazi. Kiwanda kizima kilimwita Fundi. Mengi alikuwa akiyavumilia duniani, lakini si kuambiwa kifaa chake kimekosea.

"Dada, hiki kidubwana chako ni kibovu," alisema yule mwanamume.

"Kidubwana? Simama hapohapo, usitikisike."

Alimsogelea mpaka akasikia harufu ya sabuni na nguo yenye joto la pasi. Akaugeuza ukosi. Ndani ya pindo ilikuwa imenasa ncha ya sindano ya cherehani, ndogo kuliko punje ya mchele. Akaichomoa, akaiweka kwenye kiganja cha mwenyewe.

"Bado kibovu?"

Badala ya kuona haya, yule mwanamume alitoa utepe wa gundi mfukoni, akaibandika ile ncha kwenye kijikaratasi, akatazama saa, akaandika. Kisha akampa kalamu. "Saini hapa, tafadhali."

"Saini ya nini tena?"

"Wewe ndiye uliyeiona."

Kumbe ndiye mtunza sindano. Kiwandani mshonaji akivunjiwa sindano hapewi nyingine mpaka alete vipande vyote vya ile ya kwanza. Vipande hubandikwa kwenye daftari, tarehe na saini pembeni, ili kisisahaulike kipande kwenye nguo ya mtoto wa mtu. Kipande kikikutwa kimenasa kwenye kitu, hakichomolewi ovyo, hubandikwa na kitu chenyewe kikiwezekana. Wenzake walimwita Bwana Sindano, na walimkwepa, kwa sababu hakuwa na mchezo na kanuni.

Fundi akasaini. Chini ya saini, bila kuombwa, akaandika namba yake ya simu. Macho makavu, wala hakutazama kando.

Simu ilipigwa kabla hajavua viatu nyumbani.

"Ni mimi, mwizi wako wa getini."

"Mwizi gani anatembea na gundi?"

"Mwizi mwaminifu. Umekula?"

"Bado. Unataka kunipikia?"

"Nataka kujua kwanza kama unaruhusu watu wakukague na wewe."

Alicheka mpaka mama yake mdogo, aliyeishi naye, akatoa kichwa jikoni kuuliza kulikoni. Tangu siku hiyo simu ya Fundi haikupoa. Aliitwa laazizi, aliitwa mhandisi wa roho yangu, naye akajibu kwa matusi matamu. Alipenda, basi. Hakujificha.

Na mapenzi hayakumpunguzia akili hata kidogo. Kila alipomfuata kwenye chumba chake cha kukagulia nguo, aliwaona kina mama wakipapasa nguo moja moja kutafuta ncha za sindano, vidole vimejaa vitobo. Akaenda nyumbani akaiteka meza ya kulia. Miezi mitano mama mdogo alikula sahani ikiwa mapajani, meza imejaa nyaya za shaba, betri na visanduku. Jumanne moja Fundi akatoka na kifaa chenye mdomo kama wa kasha la viatu: unapitisha nguo, taa nyekundu inawaka pale penye chuma. Akakiita kinasa-sindano.

Walikijaribu chumbani kwa Bwana Sindano, wawili tu, wakati wa chakula cha mchana. Ili amweleze, Fundi alichora ramani ya nyaya nyuma ya boksi la uzi lililokunjuliwa, akaandika jina lake chini, na mahali pa kupita sindano akabandika ncha ya kweli.

"Hii ncha sasa ipo kwenye boksi," alisema Bwana Sindano.

"Usiniambie."

"Kanuni ni kanuni, mpenzi." Akalibandika boksi lote kwenye daftari, akaandika: *Majaribio. Kifaa kimeletwa na Fundi kutoka kwake.* Fundi akasaini huku akimwita mwendawazimu. Akambusu juu ya nyusi, akaenda zake. Boksi akalisahau.

Wiki tatu baadaye alipeleka maombi ya hataza. Jibu lilikuja kwa barua fupi: mchoro kama huo ulikwisha kuletwa, siku kumi na tano kabla yake, na Meneja wa kiwanda. Kama anapinga, aje na ushahidi siku ya kusikilizwa.

Akampigia simu Bwana Sindano.

"Mchoro wangu aliuona nani?"

"Mimi na wewe. Kwa nini?"

"Meneja ameupeleka kwa jina lake. Waya kwa waya! Nani mwingine aliuona?"

Upande wa pili alisikika akihesabu siku kwa sauti ya chini.

"Fundi... ni mimi. Nisikilize, ni mimi niliye..."

Hakumsikiliza. Alikata simu, akaiweka kifudifudi mezani, akalia kwa hasira mpaka kilemba kikamvuka. Simu ililia siku ile mara kumi na nne. Mama mdogo akasema, "Ikiendelea hivi itaota miguu, ije kukutafuta yenyewe." Fundi akaizima, na kazini akimwona mbele alipita njia nyingine.

Fundi alipoandika pingamizi, Meneja alimwita ofisini kwake. Suti ya kijivu, manukato ya kukohoza watu, kiti cha kuzunguka.

"Tusigombane, binti. Futa pingamizi lako, nikupe ukuu wa mitambo yote. Nani atakuamini? Ulikuja hapa kutengeneza feni."

"Na feni inazunguka," alisema Fundi akiitazama ikizunguka juu ya kichwa chake. "Kazi yangu huwa haina kasoro. Tukutane kwa msajili wa hataza."

Akatoka kichwa juu. Kwenye ngazi tu ndipo alipokaa chini, kwa sababu ushahidi hakuwa nao. Alikuwa na kifaa tu, na kifaa hakisemi kilizaliwa lini.

Asubuhi ya kusikilizwa, saa tatu, alikuwa anafunga kilemba chake cha manjano mbele ya kioo. Simu alikuwa ameiwasha amwite dereva wa teksi. Ikalia.

"Sipokei," alisema.

"Napokea mimi," akasema mama mdogo. Akabonyeza, akaweka sauti ya juu.

"Usikate!" Bwana Sindano alikuwa anahema. "Fundi, lile boksi nililibandika kwenye daftari. Na daftari Meneja hulipitia kila Ijumaa. Nilimpelekea mchoro wako mkononi, mimi na kanuni zangu, na sikuwa na habari. Ndicho nilichotaka kukwambia."

Fundi alishika ukingo wa meza.

"Sasa niko getini. Daftari liko kwapani, na haliruhusiwi kutoka. Aliyeandika hivyo ukutani ni mimi. Sikiliza."

Akaisikia. Kengele yake mwenyewe, milio miwili mikali na pumziko, milio miwili na pumziko, jinsi alivyoipanga kwa mikono yake. Mamia ya vipande vya sindano vilikuwa vinapita kati ya nguzo zake.

"Bwana Sindano! Rudi nyuma!" Huyo alikuwa Mama Geti.

"Sirudi, mama. Andika jina langu. Andika saa, andika na ninachotoka nacho. Tena uandike vizuri, maana nitaulizwa."

"Utamwaga unga, mwanangu!"

"Na umwagike!"

Mama mdogo alikuwa amekaa chini, mkono mdomoni. Fundi akachukua simu, akaondoa sauti ya juu.

"Kimbia," alisema. "Kimbia, roho yangu."

Msajili alikuwa mama mwenye miwani mizito na saa ya mkononi aliyoitazama mara kwa mara. Meneja alikwisha kusema yake: kifaa kilibuniwa na yeye, fundi alikiona akakiiga. Mlango ukafunguliwa. Bwana Sindano aliingia jasho likimtiririka, shati limetoka kwenye suruali, ukosi umelala, akaweka daftari mezani.

Meneja aliruka kitini. "Hilo limeibwa! Ni mali ya kiwanda, limeibwa asubuhi hii!"

"Kwa hiyo unalitambua," alisema msajili.

"Nawezaje kutolitambua? Nalipitia kila Ijumaa, kila ukurasa nautia saini!"

"Vizuri sana," alisema msajili, akafungua palipowekwa alama.

Boksi la uzi lilikuwa pale. Nyaya, ncha ya sindano, jina la Fundi, tarehe ya Jumanne. *Kifaa kimeletwa na Fundi kutoka kwake.* Na chini kabisa, kwa wino wa buluu, tarehe ya Ijumaa ile, saini ya Meneja. Maombi yake yalikuwa ya Jumatatu iliyofuata.

Msajili alitazama saini, akamtazama mwenye saini, akavua miwani. "Maombi ya Meneja nayafuta leo. Hataza itatoka kwa jina la huyu dada."

Meneja alitafuta mlango kama mtu aliyesahau alikoingilia. Alipoupata, akamgeukia Bwana Sindano: "Na wewe huna kazi!"

Nje, kwenye korido, Fundi alimwekea Bwana Sindano ukosi sawa.

"Nilikukata kauli," alisema. "Nilikudhania vibaya, na nilikuwa naumia. Nisamehe."

"Boksi nililibandika mimi. Nisamehe wewe."

"Basi tumemalizana. Twende tukale."

"Kwanza daftari lirudi. Si langu."

"Amekwisha kukufukuza!"

"Ndiyo. Lakini daftari halijafukuzwa."

Akamtazama mwanamume huyu asiye na kazi, aliyevunja kanuni moja maishani mwake na sasa anataka kwenda kuirekebisha. Akaona hapana, huyu haachwi.

Walifika saa kumi na dakika tano, zamu inatoka. Wakaingia kati ya nguzo wakiwa wameshikana mikono, daftari kifuani. Kengele ikapaza milio yake. Wafanyakazi wote wakasimama, na dirishani juu pazia la Meneja likatikisika. Ufunguo wa kuizima ulikuwa mfukoni mwa Fundi.

"Izime!" Bwana Sindano alipiga kelele.

"Iache ilie!"

"Watu wanatutazama!"

"Watutazame! Nakuuliza, utanioa?"

"Nini? Sisikii!"

Mama Geti, kalamu mkononi na kitabu cha walinzi wazi mbele yake, akajaza mapafu. "Anakuuliza utamuoa, we kiziwi!"

Bwana Sindano akatoa utepe wa gundi mfukoni, akakata kipande, akakibandika kwenye kiganja chake, akampa Fundi mkono huo pamoja na kalamu ili asaini.

"Ndiyo!" alipiga kelele. "Tena iandikwe! Mama, andika na saa!"

Mama Geti akaandika.